Chakula cha usiku juu ya jahazi: ulizia injini kabla ya kuulizia bei

Kaka wa Mwanza, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama, na hongereni kwa miaka kumi ya ndoa.

Nimelisoma swali lako mara mbili nisije nikajibu usichokiuliza. Mnakwenda Unguja mwezi wa nane kwa siku nne: wewe, mkeo, watoto wawili na mama yako ambaye magoti yanamsumbua. Mnataka jioni moja mle baharini, penye muziki unaopigwa papo hapo. Mmeletewa safari tatu. Ya kwanza ni jahazi la tanga linalotoka Mji Mkongwe na kikundi cha taarab. Ya pili ni chombo cha Nungwi, ngoma na kutazama jua likizama. Ya tatu ni boti kubwa ya injini yenye bufee na kile walichokiita "usiku wa Kiarabu". Halafu mchangiaji mmoja hapo juu akakwambia uache zote, uweke akiba uende Dubai, maana huko ndiko mambo haya yanakofanywa sawasawa.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Dar. Nimekula chakula cha usiku juu ya maji mara tano: Dubai mara moja, Mombasa mara moja, Unguja mara tatu. Zipo jioni ambazo mpaka leo nikizikumbuka moyo unatulia, na ipo moja iliyoniuma kwa sababu ilikuwa zawadi kwa mama yangu mzazi. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Jibu langu ni jahazi la taarab. Lakini kabla hujatuma hata shilingi moja, mpigie simu mwenye chombo umuulize: wapigaji wakianza kupiga, injini mnaizima au mnaiacha inanguruma?

Swali hili nimelipata kwa gharama. Mwezi wa saba 2017 nilikwenda Deira, mtaa wa Dubai, kuchukua mzigo wa nguo, nikaona safari hii nimchukue mama naye akaone ulimwengu. Usiku mmoja nikamlipia safari ya chakula juu ya jahazi la ghorofa mbili, kwenye ule mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai. Picha zilipendeza mno: taa zimezungushiwa chombo kizima, meza zina vitambaa vyeupe, mchezaji wa tanura, ile ngoma ya Kimisri ya kuzunguka, na sketi yake ya rangi saba. Nilichagua kwa picha na kwa bei. Sikuuliza kingine chochote.

Tukapewa meza sitaha ya chini, ndani ya vioo, spika ikiwa hatua mbili kutoka kichwani kwa mama. Ndani kiyoyozi na taa kali, nje giza, kwa hiyo vioo viliturudishia nyuso zetu wenyewe. Mji hatukuuona. Nikaomba tupande juu, tukapanda, na joto la Dubai la mwezi wa saba likatupokea, joto lenye unyevunyevu ambalo hata saa tatu usiku halijakwisha. Muziki ulikuwa wa kuwekwa, umepandishwa sauti ili uishinde injini, nasi tukapandisha sauti zetu ili tuushinde muziki. Mchezaji wa tanura alikuwa hodari kweli, sitamwondolea haki yake. Lakini alianza kuzunguka wakati ule ule chombo kinapita mbele ya majumba ya zamani, kwa hiyo aliyetaka kumtazama yeye aliupa mji kisogo, na aliyetaka kuutazama mji alimkosesha heshima yake. Tuliposhuka mama aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, bahari yenyewe ilikuwa upande gani?"

Kesho yake alasiri nikampeleka kwenye abra, vile vivuko vidogo vya mbao ambavyo wakati ule kuvuka kwake kulikuwa dirham moja. Watu wameketi migongo wameielekeza katikati, upepo unapita, shakwe wanafuata nyuma, mizigo imepangwa ukingoni kando ya majahazi yanayosubiri kupakia. Mama alinishika mkono akasema tuvuke tena. Tulivuka mara nne. Pale ndipo nilipoelewa kwamba anayekwenda kula baharini amefuata bahari, na chombo kinachokuzuia kuiona na kuisikia kimekunyima ulichokifuata, hata chakula kiwe kitamu namna gani.

Sitaki mtu aelewe kwamba naiponda Dubai. Ukienda kati ya Novemba na Machi, jioni zake ni baridi ya kupendeza na sitaha ya juu ndiyo inakuwa ya thamani. Ukiwa huko, chagua mkono wa zamani wa bahari badala ya Marina. Marina ni mfereji wa kuchimbwa, una majengo marefu na taa nyingi, na anayependa picha za majengo atafurahi. Lakini ule mkono wa zamani una historia inayotuhusu sisi. Majahazi ya huko yalikuwa yakiteremka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia Mombasa, Lamu na Unguja, na upepo wa kusi ukiingia yanarudi na boriti za mikoko. Nyumba kongwe za Al Fahidi, zile zenye minara ya kunasa upepo, dari zake zilishikiliwa na boriti zilizotoka pwani yetu. Mtu wa Kilwa au Lamu akipita pale usiku anapita mbele ya miti ya kwao. Ukifikia huko uliza kama sitaha ya juu ina nafasi, uliza mchezo unaanza saa ngapi na chombo kitakuwa wapi muda huo, na kama ni Ramadhani uliza kabisa kama mchezo upo, kwa sababu mwezi huo muziki na ngoma hupunguzwa.

Hata hivyo kwa safari yenu ya mwezi wa nane, na mama mwenye magoti mabovu, na watoto, Dubai siipendekezi. Mwezi wa nane kule ni moto.

Mombasa nilikwenda Desemba 2019, harusi ya binamu yangu. Usiku mmoja wakatupeleka kula juu ya jahazi linalozunguka mkono wa Tudor, kati ya Nyali na Mji wa Kale. Hapo maji yametulia kwa sababu nchi kavu iko pande zote mbili, na hata shangazi yangu ambaye bahari humlevya hata akiwa ndani ya kivuko cha Likoni, alikula akamaliza sahani. Palikuwa na wapigaji watatu: gitaa, kinanda na mwimbaji mmoja wa makamo. Wakapiga zilipendwa, rumba za zamani, polepole. Kisha nahodha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Tulipofika chini ya kuta za Fort Jesus, ile ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, akazima injini. Kimya kikashuka. Maji yanagonga ubavu wa chombo, mwimbaji hana haja ya kipaza sauti, gitaa linasikika uzi kwa uzi. Watu waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza bila kuambiwa. Mjomba wangu, ambaye sijapata kumwona akicheza hata kwenye harusi za wanawe, alimwinua mkewe wakacheza pale kati ya meza, hatua ndogo ndogo, chombo kikiyumba nao.

Tangu usiku ule sijalipia chombo chochote kabla ya kuuliza juu ya injini.

Sasa tuje Unguja. Taarab ndiyo muziki wa mji ule. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kimekuwepo tangu 1905, kile cha Culture Musical Club tangu 1958, na tangu 2002 kuna chuo cha muziki pale Forodha ya zamani, karibu na Forodhani, kinachofundisha vijana udi (ala ya nyuzi mfano wa gitaa), ganuni, fidla na dumbak (ngoma ndogo). Mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye sahani za santuri. Mji wenye historia hiyo hauhitaji "usiku wa Kiarabu" wa muziki wa kuwekwa. Ala za Kimisri na za Kiarabu zimo tayari ndani ya taarab, zikisindikiza mashairi ya Kiswahili ambayo mama yako atayaelewa neno kwa neno na mafumbo yake yote. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuitoa ile boti kubwa kwenye hesabu.

Lakini taarab ni muziki mpole, na hapo ndipo injini inaporudi. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, inapigwa mapajani kwa vidole vyenye kucha za kuvalishwa. Sauti yake ni nyembamba kama maji ya mvua yakidondoka kwenye sinia. Injini ya dizeli inaimeza yote. Wakileta kipaza sauti mara nyingi huja na jenereta, na jenereta nayo inanguruma. Kwa hiyo chombo cha taarab kinachofaa ni kile kinachotoka kwa injini mpaka maji mapana, kisha kinapandisha tanga au kinatia nanga, injini inazimwa, ndipo wapigaji wanaanza. Nilipanda cha namna hiyo Septemba 2022. Walikuwa wanne tu: udi, ganuni, dumbak na mwimbaji wa kike. Unyevu wa bahari ulilegeza nyuzi za udi, kwa hiyo kila baada ya nyimbo mbili mpigaji alisimama kuzikaza, na yule mwimbaji akawa anatueleza wimbo unaofuata ulitungwa kwa ajili ya jambo gani. Nilijifunza mengi katika zile dakika za kukaza nyuzi.

Swali la pili la kumuuliza mwenye chombo ni hili: nani anapiga, na ni wangapi? Jibu zuri ni kutajiwa ala. Akikwambia "kuna udi, kuna fidla, mwimbaji ni fulani" ujue anawafahamu watu wake. Akikwambia "kuna burudani ya kitamaduni" tu, huenda hata yeye hajui nani atakuja jioni hiyo, na mara nyingi atakuja kijana mmoja na spika ya kuchaji. Mimi huuliza pia kama wapigaji wanalipwa na chombo au wanategemea bakshishi za abiria pekee. Wanaolipwa hupiga kwa utulivu. Wanaotegemea bakshishi hulazimika kupita na kofia kila baada ya wimbo, na si kosa lao.

Ukibahatika kuambiwa ni kidumbak, kubali haraka, hasa kwa ajili ya watoto. Kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab: fidla moja, dumbak mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonganisha, na sanduku lenye kijiti na kamba linalofanya kazi ya besi. Kinachangamka, kina sauti inayojitosheleza bila umeme, na watoto wanaona kwa macho yao jinsi sanduku la mbao linavyogeuka kuwa ala. Nilikiona kwenye harusi mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja, na tangu hapo nimekuwa nikitamani kila chombo cha jioni kingekuwa nacho.

Kuhusu Nungwi, nilikwenda Februari 2024 na marafiki wa kazini. Vyombo hutoka mapema, saa kumi na kitu, vingi kwa pamoja, ngoma zinalia, watu wanaimba na kuruka, wengine wanajitosa majini. Ni furaha ya vijana na ni furaha ya kweli. Tukiwa karibu na ufuo maji yalikuwa laini, lakini tulipotokeza nje ya rasi mawimbi ya kaskazi yakatushika na wenzetu wawili bahari ikawalevya. Mwezi wa nane upepo ni wa kusi, hivyo upande ule wa magharibi huwa na kinga nzuri. Lakini chakula mara nyingi ni matunda, sambusa na mishikaki ya kushika mkononi, pa kuegemea hapana, na mama atakaa kwenye ubao saa mbili katikati ya watu wanaoruka. Kama wewe na mkeo mngekuwa peke yenu ningesema nendeni mkacheze. Mnaweza kuwaachia watoto kwa bibi yao alasiri moja mkaenda ninyi wawili, na jioni ya familia ikawa ya taarab siku nyingine.

Jambo moja la haraka: msikubali kulipia "safari ya machweo" inayotoka Paje au Jambiani. Pwani ya mashariki jua linachomoza baharini, linazama nyuma ya minazi. Upande wa kule pa kuliona likizama juu ya maji ni Michamvi Kae, inayotazama ghuba ya Chwaka.

Sasa magoti ya mama. Watu wengi hulisahau jambo hili, nami ningependa ulipe uzito kuliko chakula. Sehemu nyingi Unguja mtu hapandi chombo gatini. Anaingia majini mpaka magotini, anashika ngazi ya mbao, au anapanda kwanza mtumbwi mdogo unaompeleka kwenye jahazi. Kinachoamua urahisi ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa mapema jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Mtapanda chombo kikiwa karibu na mchanga, lakini mkirudi saa mbili usiku maji yatakuwa yamekwenda mbali, na mama atashuka gizani atembee juu ya mawe na mwani. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, ni kinyume: alasiri maji ni haba na kupanda kuna kutembea kidogo, lakini yanazidi kujaa kadiri usiku unavyoingia na mnarudi karibu na nchi kavu. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu mimi huchagua siku za maji mafu, kwa sababu taabu ya mchana yenye mwanga ni nafuu kuliko taabu ya usiku. Uliza kama chombo kinaweza kuwapakia gatini. Vipo vinavyoweza, na kama kipo, hicho ndicho chenu hata kikiwa ghali kidogo.

Septemba ile nilimwona bibi mmoja, Mwarabu wa Pemba kwa kumwangalia, akibebwa na mabaharia wawili kwenye kiti cha plastiki. Walimbeba kwa adabu sana, na mmoja wao alikuwa akimwambia "bibi, ni sisi wajukuu zako, usihofu". Lakini uso wake ulionyesha kwamba hakupenda kubebwa mbele za watu. Nisingependa mama yako afikiwe na hilo bila kuambiwa mapema.

Ukiwa na mama anayeswali, kumbuka mwezi wa nane jua linazama muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwetu giza halichelewi. Maghrib itawakuta majini. Mwambieni nahodha mkiweka nafasi. Mabaharia wengi wa Unguja wanaswali wenyewe, na ukiwaambia mapema watatandika mkeka tezini, yaani nyuma ya chombo, penye kibao kipana. Kibla hapo ni kaskazini, na nahodha ataielekeza omo, yaani mbele ya chombo, isigeuke mpaka mmalize. Kwenye safari yangu ya Mei mwaka jana wapigaji waliweka ala chini dakika kumi, watu waliotaka wakaswali, wageni wakakaa kimya wakitazama mwanga wa mwisho. Ukichagua safari ya kutoka saa mbili usiku utakwepa hilo, lakini utakosa machweo, na watoto watasinzia kabla ya samaki kufika.

Chakula nitakipitia upesi. Jahazi dogo halipiki. Chakula hupikwa nchi kavu kikaja kwenye mahotpoti, kwa hiyo wali, samaki wa kupaka, pweza wa nazi na maharage hufika vizuri, vya kukaanga hufika vimelainika. Omba pilau badala ya chipsi. Watoto wale kitu kidogo hotelini kabla ya kutoka, kwa sababu anayepanda na njaa ndiye bahari humlevya kwanza. Kaeni katikati ya chombo kwani hapo hakuyumbi kama omoni, na beba tangawizi.

Kwa usalama sina lugha laini. Meli ya Mv Spice Islander ilizama nje ya Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Nilikuwa na jirani aliyepoteza ndugu mle. Kwa hiyo mimi huuliza leseni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar inaruhusu watu wangapi, kisha nahesabu vichwa tunavyopanda, na siku moja nilishuka. Wapigaji na mabaharia nao ni watu, wamo kwenye hesabu. Jaketi za kuokolea ziwe nje zinaonekana, ziwepo za watoto, na wanao wavae tangu mwanzo hata kama wengine hawavai. Mwenye chombo akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako.

Bei zimepishana sana na hubadilika, nisikutajie. Ninachokujulisha ni kwamba bei ya dola iliyo kwenye vipeperushi si lazima iwe yenu. Ulizia bei ya mkaazi, onyesheni vitambulisho, na mzungumze na mwenye chombo au mapokezi ya hoteli badala ya papasi, wale madalali wa wageni ufukweni. Papasi wengine ni vijana waaminifu, lakini hata aliye mwaminifu hatajua kama injini inazimwa. Lipia sehemu, sehemu nyingine mkishaona chombo. Na ulizia tangu mwanzo bahari ikichafuka itakuwaje: mnahamishiwa siku nyingine, au pesa inarudi? Ndiyo maana nasema wekeni jioni hii siku ya pili ya safari, isiwe ya mwisho, mbakiwe na siku ya akiba.

Kuhusu mavazi, mkiambiwa ni jioni ya Kiswahili, mkeo avae kanga au dera alipendalo, wewe kikoi au kanzu, na watoto wavae kitu cha mikono mirefu kwa sababu upepo wa kusi usiku una baridi. Mama achukue mtandio mzito. Na mbebe noti ndogo ndogo. Kwenye taarab mtu akiguswa na ubeti huinuka akamtunza mwimbaji, anampa noti mkononi kwa heshima, naye mwimbaji huurudia ule ubeti akimtazama yeye. Huo ndio uzuri wake, muziki unakujibu. Ningekushauri umnong'oneze mwimbaji mapema kwamba mmetimiza miaka kumi, umtajie jina la mkeo. Wengi wao wana kipaji cha kuliingiza jina ndani ya ubeti papo hapo. Kisha mkeo akilisikia jina lake likiimbwa, mwachie yeye ndiye ainuke kwenda kutunza, na chombo kikiwa kimetulia tu.

Mkishapata tarehe za kufika Unguja niandikie hapa hapa. Ninayo ratiba ya maji kujaa na kupwa ya bandari ile, nitakuangalizia jioni ipi kati ya hizo nne ina maji mafu, ili mama ashuke karibu na mchanga.